Bendi za Gereji za Mjomba Hamza

Juzi nilitoka kazini Braamfontein, hapa Johannesburg, nikiwahi basi, na kando ya njia, karibu na lango la chuo, kijana mmoja alikuwa ametandika santuri za zamani juu ya shuka. Sikuwa na nia ya kununua. Niliinama tu nikainua moja, na harufu ikanipata kabla sijasoma jina: boksi lililolala kwenye unyevu, vumbi, na kitu kama gundi iliyochacha. Kijana akaniuliza kama natafuta kitu maalumu. Nikamwambia hapana. Basi langu likapita, la pili nalo likapita, nami bado nimeishika ile santuri ambayo sikujua hata ni ya nani.

Nyumba yetu ilikuwa Joubert Park, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa na hakuna aliyeizika. Ilisimama tu pale chini, mlango wazi, watu wakisukumia magodoro mabovu ndani yake. Wengi wa rika langu mliokulia maghorofa yale mnaijua, kama si hiyo basi dada yake. Tulikuwa na chumba kimoja na sebule. Chumbani tulilala mimi na Mama, na Baba pia zile siku chache alizokuwa nyumbani, maana alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo, nasi tulimwona kwa vipande. Sebule iligawanywa na pazia la maua. Upande wa mlango ndiko tulikolia chakula na nilikofanyia kazi za shule. Upande wa dirisha ulikuwa wa Mjomba Hamza.

Mjomba Hamza alikuwa mdogo wake Mama, kitinda mimba wa nyumba yao kule Tanga. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na mtu akizungumza naye aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayetaka kila neno lidondokee sikioni bila kumwagika. Alifanya kazi katikati ya mji kwa mzee mmoja Mkongo tuliyemwita Papa Jeannot, mwenye duka la vitu vilivyotumika kwenye chumba cha chini ya ardhi: pasi, redio, makabati, vitanda vya watoto. Watu wa vitongoji vya kaskazini wakihama nchi au wakifa, Papa Jeannot alikwenda na bakkie yake, pikapu kuukuu, kuchukua kilichobaki.

Siku moja walikwenda kuhamisha vitu vya mzee mmoja Mmarekani aliyefia huko peke yake. Watoto wake walikuwa ng'ambo na hawakutaka chochote. Ndani ya kabati la nguo, nyuma ya viatu, wakakuta boksi la santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Papa Jeannot akazipekua, hakuona jina hata moja analolijua.

"Hamza, nani ataiuza hii miziki?" akasema. Kwao Lubumbashi kuuza ni kununua, na utotoni neno hilo kinywani mwake lilinichanganya sana. "Upeleke kwako."

Mjomba akalipandisha boksi ngazi zote mpaka kwetu, pamoja na mashine ya kupigia, na tangu siku hiyo upande wa pili wa pazia ukawa na harufu ile.

Alituambia zile ni bendi za gereji. Mimi gereji nilizozijua ni zile za chini ya daraja, wanaume wenye ovaroli nyeusi kwa oili, wamelala chini ya matumbo ya kombi. Basi nikaamini kwamba Marekani mafundi wa magari wakimaliza kazi hushika magitaa bila kunawa. Niliposikia gitaa linavyokwaruza nikaona ni kweli kabisa, hiyo ni sauti ya mtu mwenye grisi mikononi. Nilipomwambia hivyo Mjomba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akanieleza kuwa kule gereji ni chumba cha gari, kipo nyumbani, na hao walikuwa wanafunzi wa shule. Walisukuma nje gari la baba, wakaingia wao na vyombo vyao. Maelezo hayo niliyaamini kidogo kuliko yangu. Gari lina chumba chake? Mjomba mwenyewe hakuwa na chumba, alikuwa na pazia.

Zilikuwa bendi za miji midogo, miji ya mashamba ya mahindi na viwanda vya karatasi. Vijana walifanya mazoezi kipindi kimoja cha joto, wakarekodi wimbo mmoja au miwili, santuri zikagawiwa kwa mashangazi na marafiki wa shule, yakaisha. Mwaka uliofuata mmoja ameoa, mwingine amekwenda jeshini, mwingine anauza viatu. Hakuna aliyewasikia nje ya wilaya yao. Mjomba alinisimulia haya kwa huzuni ya mtu anayezungumzia jamaa zake wa damu, na mimi sikuona ajabu. Sasa nadhani alijiona humo. Tanga alikuwa na gitaa, alipiga kwenye harusi za mtaani kwao, watu wakamsifu. Huku hakuna aliyejua kama anaweza hata kupiga mluzi.

Wimbo mmoja aliupenda kuliko yote. Santuri yake ilikuwa na lebo ya kijani, na jina la mji limeandikwa chini kwa herufi ndogo, mji ambao hata kwenye ramani ya simu ulikataa kuonekana mpaka uikuze sana. Wimbo unaanza na sauti fupi, kavu, halafu ngoma zinaingia mapema kuliko zinavyotakiwa. Mwimbaji ni kijana ambaye sauti haijamkomaa. Anamwambia msichana fulani asubiri, anakuja, asubiri tu. Kwenye kiitikio anapanda mahali asipoweza kufika, sauti inapasuka, na hashuki. Anabaki huko huko juu akipasuka mpaka mwisho.

"Hapa," Mjomba alisema kila mara, kidole hewani. "Sikia. Anajua hafiki, na anapanda."

Kisha aliniuliza swali lile lile: ile sauti ya mwanzo ni mbwa au kiti kinachoburutwa? Mimi nilisema kiti. Yeye alisema mbwa. Tulibishana kama watu wanaobishana mpira.

Hakuniruhusu kuirudia ovyo. Alinishikisha mkono, akanionyesha sindano ya mashine, ile ncha ndogo inayotembea juu ya santuri. "Kila ikipita, Mwana, inakwangua kidogo. Tukisikiliza tunaila. Iko siku itabaki plastiki tupu." Maneno hayo yaliniingia kuliko mafundisho yote ya madrasa ya Jumamosi. Sindano inakwangua nyimbo. Nilikuwa mtoto wa kushika maneno.

Ni kipindi hicho, akiwa bado mzima, aliporekodi wimbo ule kwa simu akauweka mtandaoni pamoja na picha ya lebo, akaandika tu: nani anawajua hawa? Hakuna aliyejibu. Alichungulia kwa muda, kisha akaacha.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi, na Johannesburg wakati wa baridi kila mtu anakohoa, kwa moshi na kwa vumbi. Baridi ikaisha, kikohozi kikabaki. Mjomba akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, baadaye akatoboa jingine. Papa Jeannot ndiye aliyempeleka hospitali, kwa bakkie ile ile ya kuchukulia vitu vya marehemu. Ilikuwa kifua kikuu, na si kile cha kawaida. Mama alimwambia jirani kwamba ni kile kisichosikia dawa, nami nikawaza kwamba kumbe ugonjwa nao una masikio.

Walimweka hospitali ya mbali, ambako watoto hawakuruhusiwa kuingia. Aliporudi, mabega yalikuwa yamekaa kama henga ya nguo ndani ya shati. Alikuwa na vidonge vya kujaza kiganja, na kila asubuhi ilimpasa kwenda kliniki kuchomwa sindano. Mama alifungua madirisha yote ili hewa ipite, baridi ikaingia na kutoka ipendavyo, na mimi niliambiwa nikae karibu na mlango nikitaka kuzungumza naye. Tulizungumza hivyo, sebule nzima kati yetu, pazia limefungwa pembeni.

Kwenye likizo Mama alinichukua kliniki kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na Kizulu chake cha salamu. Walimpima Mjomba masikio. Alikaa kwenye kijumba kidogo chenye kioo, amevaa vifaa kichwani, abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Nilimwona kupitia kioo, kichwa kimeinama upande, kidole juu ya kitufe, anangoja. Kidole kilikaa muda mrefu bila kushuka.

Sista wa kliniki, mwanamke mnene mwenye sauti ya pole, alituita pembeni. Akaniambia nimwambie mama yangu.

"Anasema Mjomba anaweza kupoteza kusikia," nikasema.

"Kupoteza vipi?"

Nikamuuliza sista, akanieleza taratibu, kama anayemvalisha mtoto viatu. "Anasema sindano inaua ugonjwa lakini inaharibu na masikio. Anasema kipimo cha leo ni kibaya kuliko cha kwanza."

"Dawa nyingine hakuna?"

"Anasema ipo, lakini ni kidogo, haijawafikia wote. Asubiri, na wakati anasubiri asiache sindano."

Mjomba alikuwa amekaa hapo hapo, akiangalia bango la ukutani la kunawa mikono. Kiingereza alikijua kuliko mimi. Alikuwa ameelewa kabla yangu, lakini aliacha dada yake alisikie kutoka kinywani mwangu, labda kwa sababu kwake lisingetoka. Na mimi sikuwa na hofu. Shuleni ukipoteza sweta unakwenda kwenye boksi la ofisini, unalikuta. Nilidhani kupoteza ni kwa namna hiyo.

Baada ya hapo mashine ilianza kupigwa kwa sauti kubwa. Majirani wakagonga bomba la maji kulalamika. Mjomba alipiga zile santuri moja baada ya nyingine, boksi zima, tena na tena, yeye aliyeniambia tusizile. Asubuhi aliondoka kama anakwenda kliniki. Jumapili moja mchana Mama alikunja pazia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda chake, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Hamza, kliniki wamenipigia. Hujaenda siku nyingi. Jeannot anasema asubuhi unakaa dukani."

"Nimepumzika kidogo, Dada."

"Unapumzika na nini?"

"Nikiamka nasikia mlio. Kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nisipochomwa, unapungua."

"Na kifua?"

Mjomba akaegemeza mgongo ukutani.

"Mdogo wangu, kiziwi anakula," Mama akasema. "Kiziwi anaoa, anaswali, anamzika mama yake. Maiti inazikwa tu."

"Unaniambia nichague, Dada."

"Sikuambii uchague. Nimeshachagua mimi. Mama nitamwambia nini kule Tanga, kwamba nilikuacha ufe kwa sababu ya nyimbo za watu usiowajua?"

Mjomba alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeguswa kwenye kidonda akaona haya kulia. Asubuhi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata. Mimi nilifurahi. Kwa akili yangu sindano zilikuwa moja: iliyo mashinini na iliyo kliniki. Zote zinakwangua. Nilijua kabisa kinachomwondolea Mjomba nyimbo zake, na nilishangaa kwamba watu wazima na elimu yao wanampeleka huko wenyewe.

Kisha nikapata mafua. Mafua ya kawaida, darasa zima tulikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa mahali pangu karibu na mlango, nakunywa chai, nikakohoa. Mjomba alikuwa upande wake na kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Since yesterday," nikamjibu. Siku zile Kiswahili nilikielewa lakini nilijibu kwa Kiingereza, jambo lililomkera Mama.

"Kohoa tena."

Nilidhani ni mchezo. Nikakohoa kwa nguvu, kwa madaha. Mjomba alinitazama kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu. Halafu akachukua koti lake msumarini akatoka, na mlango hakuufunga. Nilisikia viatu vyake ngazini vikishuka mpaka vikapotea kwenye kelele za mtaa.

Nilipimwa, sikuwa na kitu. Lakini yeye hakungoja majibu yangu. Mama alinisimulia nilipokuwa mkubwa, tunachambua mchele, kwamba siku ile Mjomba alikaa kwenye kiti cha sista akakunja mkono wa shati, akamwambia amchome mpaka ziishe, asimuulize tena kuhusu masikio.

Ugonjwa ukaanza kurudi nyuma. Uzito ulirudi, mashavu yakajaa. Majirani walikuwa wakimsimamisha ngazini kumpongeza, naye aliitikia maswali ambayo hawakuyauliza. Kwanza zilimpotea sauti nyembamba: filimbi ya birika, ndege, mimi. Alikuwa akisema watu siku hizi wanamung'unya maneno. Hatukumbishia.

Alasiri moja nilirudi kutoka shule nikamkuta sakafuni, mashine ameifungua, skrubu ndogo zimepangwa juu ya gazeti. Santuri ya lebo ya kijani ilikuwa inazunguka.

"Imekufa," akaniambia, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Nimebadilisha sindano, nimebadilisha waya. Eish, imekufa tu."

Nilisimama na begi mgongoni. Chumba kizima kilikuwa kimejaa sauti ya yule kijana akimwambia msichana asubiri.

"Mjomba," nikasema, "inaimba."

Hakugeuka. Nikamgusa bega. Akanitazama mdomo.

"Inaimba?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka kiganja juu ya spika, taratibu, kama unavyopima homa ya mtoto. Kijana akapanda pale asipofika, akapasuka, akakaa huko. Kiganja cha Mjomba hakikusogea. Wimbo uliisha, sindano ikabaki inakwaruza mwisho wa santuri, na mkono bado uko pale.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

Akarudisha kila skrubu kwenye tundu lake, akaifunika mashine kwa kanga ya zamani ya Mama. Sikumwona akilia. Niliona tu kwamba siku hiyo pazia lilifungwa kabla ya chakula. Na mimi, kwenye upande wangu, nilifikia hesabu yangu ya kitoto: Mjomba alikuwa amekula fungu lake lote. Mimi bado nilisikia kwa sababu langu lilikuwa halijaisha.

Tukaanza maisha mengine. Kiingereza hakuweza kukisoma midomoni, alisema Waingereza huzungumza wamefunga mdomo kama wana pini. Kiswahili aliweza, kwa kuwa ni cha kunyonya kwake, na silabi zake zinafungua kinywa. Kwa hiyo mimi niliyekuwa mvivu wa lugha ya nyumbani nikalazimika. Nilisimama mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, nikatamka a-na-ku-i-ta, cha-ku-la, pa-pa Je-a-nnot a-na-ku-sa-li-mi-a. Nikikosea upatanisho, alinirekebisha kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kupoteza vilima, imekuwa tambarare. Watu hunisifu leo kwa Kiswahili changu, huuliza kama nilikulia Tanga. Nilikipata kwa kumsemesha kiziwi.

Ni wakati huo Marekani ikajibu. Ujumbe uliingia kwenye simu yake chini ya ule wimbo aliouweka zamani, kutoka kwa mzee aliyejiita Wendell. Alisema yeye ndiye alikuwa anapiga ngoma. Alisema binti yake ndiye aliyeukuta, na kwamba kama inawezekana, angependa kuzungumza na mwenye santuri, kwa video, amwone.

Mjomba alisoma ujumbe ule mara nyingi. Kisha akaniita dirishani.

"Wewe utakuwa masikio," akasema.

Tulipanga Jumapili alasiri, ambayo kwao ni asubuhi. Mjomba alivaa shati jeupe. Mama alikaa nyuma yetu na tasbihi. Kwenye kioo cha simu alitokea mzee mwenye kofia, amekaa jikoni, na mkono wa mwanamke ukimshikia simu. Alianza kuzungumza mara moja, akamwangalia Mjomba machoni. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mjomba wangu hasikii, mimi nitasema.

Mzee akasogea karibu na simu. "Hasikii kabisa?"

"Kabisa."

"Tangu siku zote?"

"Hapana. Alikuwa anasikia."

Yule mzee akavua kofia. Sikujua kwa nini alivua. Mjomba akanigusa goti. "Mwulize kwanza. Ni mbwa au kiti?"

Nikauliza. Mzee alicheka, kicheko kikageuka kuwa kikohozi. Akasema ni mbwa. Alikuwa mbwa wa kaka yake, kila wakimfungia nje ya gereji anakwaruza mlango, na wakimfungulia anabweka, mwishoni wakachoka wakaacha mashine irekodi. Nikamgeukia Mjomba, nikafungua kinywa: mbwa. Mjomba akanitazama kwa ushindi wa kweli, uso wake wa zamani, na kwa muda mfupi nilisahau yote yaliyotupata.

Kisha mzee akasema mengine, nami nikayatoa kama nilivyoyapokea. Mwimbaji alikuwa kaka yake. Mwaka uliofuata alipelekwa vitani, hakurudi. Nyumba ya wazazi wao ilichukuliwa na mafuriko ya mto, na santuri zote zikaenda. Ule wimbo wa simuni binti yake alijaribu kumpigia, lakini umejaa mivumo, humtambui mtu. Alitaka kujua kama santuri yenyewe bado inaweza kupigwa.

Mjomba alielewa kabla sijamaliza. Akaondoa kanga juu ya mashine. Akaifuta santuri kwa upindo wa shati lake jeupe, akaiweka, akashusha sindano, nami nikasogeza simu karibu na spika.

Mbwa akabweka. Ngoma zikaingia mapema. Yule mzee alikuwa ameinamisha uso, tukaona kipara chake tu. Vidole vyake vikaanza kugonga meza, vikikimbia kuliko wimbo, kosa lile lile baada ya umri mzima. Kaka yake alipoanza kuimba, vidole vikasimama.

Mjomba alikuwa anamwangalia bila kupepesa. "Wamefika wapi?" akaninong'oneza, ila mnong'ono wake nao ulikuwa wa sauti kubwa.

"Kiitikio," nikamwambia. "Sasa. Anapanda."

Midomo ya Mjomba ikaanza kusogea, nyuma kidogo ya wimbo, maneno yote anayajua. Mzee akainua uso. Ulikuwa umeloa wote, naye hakujifuta. Wakatazamana hivyo, mmoja anasikia na hawezi kusema, mwingine anasema na hawezi kusikia, mpaka sindano ikafika mwisho. Nyuma yangu Mama alikuwa akivuta pumzi kwa pua. Nilitafuta neno la kutafsiri, hapakuwa na lililosemwa.

Wiki hiyo hiyo Mjomba alifunga santuri ya kijani ndani ya mbao nyembamba na vitambaa, akaipeleka posta yeye mwenyewe. Nilimuuliza kama hataihitaji. Akasema, bila uchungu na bila furaha, kwamba kitu kirudi kwa mwenye kaka. Zilizobaki alizirudisha kwa Papa Jeannot pamoja na mashine, na sebule yetu ikapoteza harufu yake. Nilikuwa nimedhani nitafurahi kupata nafasi ya kuweka meza yangu dirishani. Nilikaa hapo mara chache tu.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito kuliko ugonjwa wenyewe. Mjomba aliongea kidogo, kisha kidogo zaidi. Hakuwa akijisikia, hivyo aliogopa sauti yake, aliogopa macho ya watu kwenye foleni ya spaza, kiduka cha mtaani. Tulipokula, sisi tukicheka jambo, alikuwa anatabasamu akichelewa, na mimi niliona Mama akiacha kucheka. Alijifunza kushona viti na makochi kwenye karakana moja mjini. Mwenzake wa karakana akampeleka kwenye darasa la lugha ya ishara, ghorofani kwenye jengo ambalo Jumapili ni kanisa. Akaanza kuchelewa kurudi siku za Jumamosi. Nyumbani hatukuuliza. Wala hatukujifunza ile lugha. Tulikuwa na Kiswahili cha midomo, tukaona kinatosha.

Nilikuwa nakaribia kumaliza shule binti yake Wendell aliponiandikia. Mzee amefariki. Walipiga santuri makaburini, kwa mashine ya betri, na upepo ulikuwa mwingi lakini watu walisikia. Alisema tumwambie Hamza.

Ilikuwa Jumamosi. Sikutaka kungoja, nikashuka kumtafuta. Nilimkuta kwenye kona nje ya bustani, amesimama na kundi la watu, wanaume kwa wanawake, mikono yao yote inakwenda. Mjomba alikuwa katikati. Alikuwa anaeleza jambo, na mikono yake ilikuwa na haraka na utani, ilikuwa na vilima vile vilivyopotea kwenye sauti yake. Wenzake walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega. Sikuwa nimemwona hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikisukumwa na watu, robot, taa ya barabarani, ikawa kijani, ikawa nyekundu, na ilipokuwa kijani tena nikavuka.

Nikampa simu, akasoma. Akasoma tena. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama zamani. Kisha akanirudishia simu, akawageukia wale watu akaanza kuwasimulia. Ilikuwa hadithi ndefu. Nilitambua gitaa, nilitambua ngoma. Mengine yalinipita. Mikono ya wenzake ilishuka mmoja mmoja ikatulia kabisa, na pale kwenye kona yenye kelele kuliko zote Johannesburg, wachuuzi wanaita, kombi zinapiga honi, watu wale wote wakawa kimya cha macho.

Mwanamke mmoja mrefu, ambaye baadaye Mjomba alimwoa, aliniangalia, akaona kwamba sifuati. Akatoa simu yake, akaandika, akanigeuzia kioo nisome.

Anasema wewe ndiye uliyesikia.